Mashine ya mazoezi yenye kubebeka: resori kwa nafasi ya vyuma vizito

Jioni mu Malemba-Nkulu, nyuma ya nyumba, vijana wananyanyua vyuma. Si vyuma vya duka. Ni mikebe miwili ya maziwa iliyojazwa simenti, na katikati tiyo moja ya chuma. Uzito wake nani anajua? Upande wa kuume unaweza kuwa kilo 9, upande wa kushoto kilo 11. Kijana ananyanyua, wenzake wanahesabu, na kesho yake anasema bega moja linauma kuliko lingine.

Sisi pia tulikuwa na vyuma vya namna hiyo. Tuko watatu: mumoja alichimba kasiterite miaka mingi, mumoja ni fundi wa moto na wa kusudire, na wa tatu kazi yake ni kalamu. Tunaandika kwa pamoja kwa sababu jambo hili tulilifanya kwa pamoja, na lilianza na mugongo wa yule wa kwanza.

Alirudi kutoka kambi ya mine akitembea ameinama. Hakuna shimo lililoanguka, hakuna jiwe lililomupiga. Ni mufuko mumoja tu, siku ya mvua, muguu ukateleza. Mu hospitali walimupima, wakamuambia hakuna kilichovunjika. Wakasema asilale siku nzima, atembee, na maumivu yakipungua aanze kurudisha nguvu. "Anza na kidogo, papa, ongeza kidogo kidogo." Maneno mazuri. Lakini mu kipande chetu hakukuwa na kidogo. Chuma chepesi kabisa cha simenti kilikuwa kama kilo 15. Alikinyanyua siku mbili, siku ya tatu akalala tena juu ya mukeka. Miezi 4 hakuingia mu shimo. Nyumba iliishi na samaki wa Lualaba ambao mama watoto alikuwa akiuza ku soko.

Njo hapo tulianza kujiuliza: mutu anaweza kupata wapi uzito mudogo, wenye kupimwa, wenye kuongezeka polepole, bila kununua chumba kizima cha vyuma?

Kulipa usafiri wa uzito

Vyuma vya mazoezi ni bidhaa ya ajabu: kazi yake moja tu ni kuwa nzito. Kila kilo unayonunua ku Lubumbashi inapaswa kulipiwa njia. Treni mpaka Bukama, kiisha chombo juu ya Lualaba. Ao gari mu barabara ambayo wakati wa mvua inakuwa matope. Ao kinga ya mutu anayesukuma mpaka jasho linaisha. Seti ya kilo 60 ni sawa na mufuko mukubwa wa muhogo, lakini haliwi.

Tena muchimbaji hakai pahali pamoja. Leo wanasema madini yametoka hapa, mwezi ujao kambi nzima inahamia kule. Nani atabeba kilo 60 za chuma bure juu ya mukokoteni wakati vyombo vya kazi vyenyewe vinamushinda?

Resori ni jambo lingine. Resori yenyewe iko na kilo moja ao mbili, lakini ukiibana inakurudishia nguvu ya kilo 50, 100, hata zaidi. Haiombi uzito wa dunia. Inaomba tu wewe uivute ao uibane.

Balansi ya negosia inatufundisha

Kila muchimbaji anajua resori, hata kama hajui kwamba anaijua. Ile balansi ya ndoano ambayo negosia anapimia kasiterite, ndani yake iko resori. Unatundika mufuko, resori inavutika, sindano inashuka. Kilo 10 inavuta kiasi fulani; kilo 20 inavuta mara mbili ya kiasi kile. Njo maana namba za balansi zimepangwa kwa nafasi sawa sawa.

Sheria hiyo iliandikwa na Mwingereza Robert Hooke mu mwaka 1678: kadiri unavyovuta resori, nayo inavuta kwa kadiri ile ile. Ukiielewa hiyo, umeelewa nusu ya kazi yote.

Nusu ya pili muchimbaji anaijua pia, kwa hasara. Balansi iliyotundikiwa mizigo mikubwa kupita kipimo chake, resori inachoka, hairudi tena pahali pake, na kutoka siku ile inasema uongo. Resori ya mazoezi ni vile vile. Kila resori iko na mwisho wake. Ukiupitisha, hata kama haijavunjika, imekwisha kuharibika.

Wengine walipita njia hii mbele yetu

Wazo la kufanya mazoezi na resori si jipya. Mwanzoni mwa karne ya 20, Eugen Sandow, mutu wa nguvu aliyezaliwa Königsberg mu 1867, aliuza vyuma vidogo vya mukono vilivyokatwa nusu mbili, katikati resori; mutu anabana mpaka nusu zigusane. Joseph Pilates, Mujerumani aliyezaliwa mu 1883, alifungwa na Waingereza juu ya kisiwa cha Man wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Inasimuliwa kwamba kule alifunga resori ku vitanda vya wagonjwa ili wafanye mazoezi wakiwa wamelala. Hata kama hadithi imeongezewa chumvi, mashine zake mpaka leo zinafanya kazi na resori, na kati ya watu wanaozitumia wako wale wanaotoka mu maumivu.

Na kule juu kabisa, mu chombo cha anga cha mataifa, uzito hauko. Chuma cha kilo 100 kinaelea kama unyoya. Lakini mwili usiofanya kazi unaoza: mifupa ya nyonga ya wanaanga ilikuwa ikipoteza asilimia 1 mpaka 1,5 kila mwezi. Kwa hiyo mashine yao ya kwanza ya nguvu, kuanzia mwaka 2000, ilitumia mipira yenye kuvutika ndani ya magurudumu, na ile iliyofuata inatumia silinda zilizotolewa hewa. Hakuna hata kilo moja ya chuma cha kunyanyua. Kama mwili unaweza kudanganywa kule juu, hata mu kipande cha Malemba-Nkulu inawezekana.

Resori gani?

Fundi kati yetu alimwaga chini sanduku lake. Resori za kiti cha kinga: laini, fupi, zinachoka haraka. Resori ya stendi ya moto: kali lakini safari yake ni ndogo. Resori za valvu: ndogo mno. Zikabaki resori za amortiseri za nyuma za moto zilizokufa. Amortiseri inakufa kwa sababu ya mafuta kuvuja, lakini mara nyingi resori yake ingali nzima.

Tuliisimamisha moja juu ya saruji, ndani yake tiyo ili isiruke pembeni, juu yake mubao, na juu ya mubao tukapanga bidoni za maji. Litre moja ya maji ni kilo moja. Hiyo haina ubishi. Bidoni 5 za litre 20, ni kusema kilo 100, zilishusha resori sentimita 5. Kwa hiyo resori yetu iko na kilo 20 kwa kila sentimita.

Hapo mutu atasema: lakini hiyo ni kali sana! Ni kweli. Ukiivuta na mikono bila kitu kingine, sentimita 2 tu ni kilo 40. Hakuna mazoezi hapo. Tunahitaji mukono usafiri mbali na nguvu iwe ndogo. Kazi hiyo inafanywa na wenzo, sawa vile baramini inavyong'oa jiwe, lakini kwa kugeuza: huku mukono unasafiri sana, kule resori inasafiri kidogo.

Mashine yenyewe

Tulichukua mubao munene wa mita moja na nusu, ulale chini. Ku mwisho wake wa mbele tukasimamisha nguzo fupi ya mubao, imefungwa na buloni na kuegemezwa na kipande cha pembe. Sentimita 50 nyuma ya nguzo tukafunga tiyo ya mraba ya mita moja, isimame, chini yake buloni moja nene ili iweze kulala na kusimama kama bawaba. Juu ya tiyo, kipini cha kushika na mikono miwili. Kati ya nguzo na tiyo, resori. Mutu anakaa juu ya kiti kidogo kilichofungwa ku mubao, miguu inasukuma nguzo, mikono inavuta kipini kukaribia kifua. Uzito wa mwili wake mwenyewe unashikilia mashine isiteleze.

Resori ya amortiseri ni ya kubana, si ya kuvuta. Tunafanyaje ili ivute? Chukua vyuma viwili vyenye umbo la U. Kimoja kinaingia ndani ya resori kutoka mbele, kingine kutoka nyuma. Miguu ya kila kimoja inapita mpaka mwisho wa pili, na kule inakamatwa na sahani nene ya chuma yenye matundu. Ukivitenganisha vile vyuma viwili, sahani zinakaribiana na resori inabanwa katikati. Unavuta, lakini resori yenyewe inabanwa.

Namna hiyo iko na faida mbili kubwa. Ya kwanza: zunguko za resori zikigusana, imefika mwisho, haivutiki kupita kipimo. Ya pili: hata resori ikivunjika, vipande vinabaki vimefungwa kati ya sahani, na vyuma vya U vingali vinashikana. Resori ya kuvuta ikikatika, inaruka kama fimbo, na mbele yake iko uso wa mutu. Kwa hiyo tunasema wazi: mu nyumba yenye watoto, tumia namna hii ya kubana.

Sasa uzito unaongezwa namna gani? Ku tiyo na ku nguzo tulitoboa matundu kwa urefu wa sentimita 10, 15, 20 na 25 kutoka buloni ya chini. Mukono unavuta sentimita 28. Resori ikiwa mu tundu la 10, mwisho wa kuvuta unasikia karibu kilo 6. Tundu la 15: karibu kilo 13. Tundu la 20: karibu kilo 22. Tundu la 25: kilo 35. Resori ni moja ile ile, uzito ni mine.

Kwa nini unapanda haraka vile? Kwa sababu ukipandisha resori, mambo mawili yanatokea pamoja: inabanwa zaidi, na tena inashindana na mukono wako ikiwa mbali zaidi na bawaba. Ukienda mbali mara mbili, kutoka 10 mpaka 20, nguvu inakuwa mara nne. Mwenye kutoboa matundu yake asisahau hiyo.

Tulipima na balansi ya ndoano, kiisha tukapima tena na kamba na bidoni ya maji, maana kila muchimbaji anajua balansi inaweza kuwa na nia yake.

Kosa letu

Mashine ya kwanza haikuwa hii. Fundi alisudire resori moja kwa moja ku chuma cha U, juu ya kutafuta haraka. Siku ya tatu ilikatika karibu na alama ya moto, ikapiga kelele kama baruti. Hakuna aliyeumia, Mungu alitukinga. Resori inapata tabia yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kusudire unaiondolea tabia hiyo pale pale, na karibu yake chuma kinakuwa cha kuvunjika kama chupa. Fundi alijua hiyo. "Nilijua, lakini nilizarau," alisema, na alituomba tuandike vile.

Kwa hiyo: resori isiguswe na moto hata kidogo. Isikatwe na sudire. Na ikikatwa na meno ya msumeno, ujue kwamba nusu ya resori ni kali mara mbili ya resori nzima, si laini kama watu wengi wanavyofikiri. Kila juma angalia kama iko na ufa ao kutu yenye kula. Ile yenye ufa, tupa.

Watu wa bonde hili wanajua chuma tangu zamani. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yana vitu vya chuma na vya shaba vilivyofuliwa zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Hatusemi hiyo kwa kujisifu. Tunasema kwa sababu mutu anaweza kufikiri mashine ya namna hii lazima itoke Ulaya ao China. Vitu vyote vya mashine yetu vilitoka garaji na ku soko ya mbao.

Resori haina huruma yote

Iko na ubaya wake. Mwanzoni ni laini, mwishoni ni kali. Kwa kusukuma, hiyo inafaa, kwa sababu mikono ikinyooka iko na nguvu zaidi. Kwa kuvuta kifuani ni kinyume: mwisho wa kuvuta njo pahali mutu anachoka. Dawa yake ni kuanza na resori iliyobanwa kidogo tayari, na kuvuta mpaka unapoweza, si mpaka mwisho kwa nguvu.

Ubaya wa pili: resori inapenda kurudi mbio. Chuma ukikiachilia kinaanguka chini. Resori ukiiachilia, kipini kinakimbia na mikono yako. Kwa hiyo kuvuta kuwe kwa kuhesabu mbili, kurudisha kwa kuhesabu nne. Na huko kurudisha polepole ni nusu ya faida yote, maana misuli inafanya kazi pia wakati wa kuachilia.

Mama watoto wa muchimbaji wetu aliona mashine siku ya kwanza akasimama, mikono ku kiuno.

"Papa, weye ulikataa mufuko juu ya mugongo. Sasa unavuta resori bure, bila hata franga moja?"

"Mama, mufuko hauniulizi leo niko na nguvu ngapi," alijibu. "Huu unaniuliza."

Tulicheka, lakini jibu lile ni sawa. Kazi ya shimo inatoa nguvu, hakuna atakayekataa. Lakini inatoa nguvu ya kuinama tu, na haimupi mutu ruhusa ya kuchagua uzito. Siku umechoka, mufuko ni ule ule. Siku una homa, ni ule ule. Misuli ya nyuma ya bega na ya mugongo, yenye kumushika mutu asimame wima, haipati zamu yake ya kufanya kazi polepole. Kuongeza uzito mwingine mukubwa juu ya uchovu wa shimo ni kumunyima mwili usingizi. Kijana anayechimba mchana na kunyanyua simenti usiku, nguvu yake anailipa mara mbili.

Kwa hiyo mashine hii si ya kutafuta kifua cha picha. Ni mara 3 kwa juma, kuvuta mara 10, kupumzika, kurudia mara 2 ao 3. Kwa siku ambayo umebeba mifuko, acha. Na kwa mutu mwenye mugongo unaouma, asianze bila kuonekana na muganga wa hospitali. Kama maumivu yanashuka mpaka muguu na muguu unalegea, ao sehemu za siri zimekufa ganzi, ao mkojo haushikiki, hapo hakuna resori wala kuchua na mafuta: ni hospitali siku ile ile.

Muchimbaji wetu alianza mu tundu la 10. Juma tatu nzima alikaa pale, kilo 6, na vijana wa nyumba ya jirani walimucheka. Kiisha tundu la 15. Leo yuko mu tundu la 20. Hajarudi chini ya shimo. Anafanya kazi ya kuosha madini ku mutoni, na makuta yake ni kidogo kuliko zamani. Lakini asubuhi anavaa viatu bila kuita mutu. Wale vijana waliomucheka walikuja juma lililopita na resori yao, wakauliza kama fundi anaweza kuwapimia.

Alikubali, kwa sharti moja: walete kwanza bidoni za maji. Uzito wapime, ndipo wavute.